Nikimeza Dawa, Anayebaki ni Nani?

*"Daktari, mimi ni fundi cherehani hapa Kisumu. Nina miaka 32 na watoto wawili. Miaka mitatu iliyopita nilianza kukesha. Silali wala sichoki, nashona mpaka alfajiri, na mishono inanijia kichwani kama maji ya bomba lililopasuka. Wiki mbili hizo nilishona magauni 14. Sita ni mazuri kuliko chochote nilichowahi kushona, na yale mengine mikono imeshonewa kinyume. Nilikopa shilingi 180,000 za chama chetu cha akina mama nikanunua cherehani nne, nikijua nafungua kiwanda. Nikaishia wodini. Mwaka jana ikarudi, nikalazwa tena, wakasema ni baipola. Tangu hapo namezeshwa lithiamu. Sasa nalala, napika, naenda kanisani, na mume wangu anawaambia watu, 'Mke wangu amerudi.' Lakini mimi najiona kama ndiyo nimeondoka. Vidole vinatetemeka, uzi hauingii kwenye sindano. Mgongo unaniuma kwa kukaa, nameza tembe za kemisti kila siku ndipo nimalize kazi. Kichwa kizito. Mishono haiji. Nikisema nataka kuacha dawa, wananiambia huo ni ugonjwa unaosema. Nikimeza, wanasema sasa nina akili. Kwa hiyo akili yangu ni kukubaliana nao tu? Na yule aliyekopa pesa za chama ni mimi au ni ugonjwa? Maana anayelipa ni mimi. Nieleze bila kunihubiria: mimi halisi ni yupi?"*

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye maneno uliyoyapitia haraka: nameza tembe za kemisti kila siku. Maswali yako yote nitayajibu, hata hilo la mwisho ambalo watu wamelibishania kwa karne nyingi. Ila siwezi kuanzia huko, kwa sababu huenda mkono wako unakudai kitu cha haraka zaidi.

Lithiamu ni chumvi. Ni madini yanayotoka ardhini, ndugu wa karibu wa sodiamu iliyo kwenye chumvi unayotia mboga, na figo huzishughulikia hizo mbili kwa namna inayofanana. Mwili ukipungukiwa maji au chumvi, figo huing'ang'ania sodiamu isipotee, na lithiamu nayo inabaki humo humo. Sasa, tembe nyingi za mgongo zinazouzwa kemisti ni za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Dawa hizi hupunguza damu inayopita kwenye figo, basi lithiamu iliyopaswa kutoka na mkojo haitoki. Inajikusanya. Dozi uliyopangiwa hospitalini ilipangiwa mwili usiomeza diklofenaki. Ongeza joto la Kisumu, kibanda cha mabati, jasho la mchana kutwa, na pengine siku za kufunga na kuomba bila hata maji, utaona jinsi kiwango kinavyoweza kupanda bila wewe kuongeza hata tembe moja.

Kwa hiyo wiki hii, si mwezi ujao, nenda kliniki ukapimwe kiwango cha lithiamu kwenye damu. Damu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho: ukimeza saa tatu usiku, uwe maabara saa tatu asubuhi kabla ya kumeza nyingine. Kwa mtu anayetumia dawa ili ugonjwa usirudi, mara nyingi tunataka namba iwe kati ya 0.6 na 0.8, wengine hufika 1.0. Waombe wakupime figo na tezi ya shingo pia. Lithiamu huweza kuilegeza tezi hiyo taratibu, na mtu ambaye tezi yake imelegea huwa mzito, hunenepa, huhisi baridi wengine wakiwa jasho, na mawazo yake hutembea kama mtu anayevuka matope. Nimeona wanawake walioambiwa kwamba huko ndiko kutulia kumbe ni tezi, na inatibika. Mpaka utakapomwona daktari, weka kando tembe hizo za mgongo. Paracetamoli haina tabia hiyo ya kuifungia lithiamu ndani. Kunywa maji, na usiache ghafla chumvi uliyoizoea.

Kutetemeka kidogo kwa vidole kunaweza kutokea hata kiwango kikiwa sawa, na si jambo la kuambiwa uvumilie, hasa kwa fundi. Dozi inaweza kupunguzwa kidogo, au muda wa kumeza ukabadilishwa, na kuna dawa iitwayo propranololi inayotuliza mkono kwa watu wengi, ilimradi huna pumu. Ila mkono ukianza kutikisika kwa nguvu mpaka kikombe kinamwagika, ukatapika, ukaharisha, ukapepesuka au ulimi ukawa mzito, usingoje siku ya kliniki. Hiyo ni sumu, na mahali pake ni hospitali siku hiyo hiyo.

Nimeanzia hapa kwa sababu ya kitu kilichonitokea. Nikiwa daktari mchanga, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimkuta mwanamume aliyegoma kumeza lithiamu. Alisema dawa inamla. Nilimwona akijaribu kunywa uji kwa mikono miwili na bado ukamwagikia kifuani. Nikachukua faili nikaandika: hana utambuzi wa ugonjwa wake. Nikaagiza asimamiwe mpaka ameze. Kesho yake alikuwa anatapika na kuyumba kama mlevi, ndipo nikapeleka damu maabara. Kiwango kilikuwa kimepita mara mbili ya kinachotakiwa. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kati ya yeye na mimi, siku ile aliyekuwa akitumia akili ni yeye. Alikuwa na ushahidi mkononi mwake, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba neno "sitaki" likitoka kinywani mwa mgonjwa wa akili halihitaji kuchunguzwa.

Basi mtego uliouandika ninaujua, na nilishawahi kuwa miongoni mwa walioutega. Ukikubali una akili, ukikataa ni ugonjwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kamwe kuonyesha kwamba anafikiri, kwa kuwa njia pekee aliyoachiwa ni kusema ndiyo. Ni dhuluma, hata inapofanywa na watu wanaokupenda.

Kutimia kwa akili hakupimwi kwa jibu unalotoa. Kunapimwa kwa jinsi ulivyolifikia. Je, umeelewa unachoambiwa kuhusu ugonjwa na dawa? Unaweza kukishika kichwani muda wa kutosha? Unaweza kuweka faida hapa na hasara pale ukazilinganisha, kisha ukasema umeamua nini? Mtu akifanya hayo, anaweza kufikia uamuzi ambao mimi nauona mbaya na bado akawa ameamua kwa akili zake. Mgonjwa wa kisukari anayekataa kukatwa mguu hatumwiti mwendawazimu. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya 1989, ilivyorekebishwa 2022, inatambua haki ya mgonjwa kuelezwa, kuridhia matibabu na kushiriki kuyapanga. Huhitaji kwenda kliniki kama mtu anayeomba msamaha. Unaweza kukaa kwenye kiti ukasema, "Nataka tuzungumze dozi," na ni wajibu wa aliye mbele yako kukusikiliza.

Lakini uliniomba nisikuhubirie, na kukubembeleza nako sitaki. Kuna upande wa pili wa jambo hili, na familia yako imeuona kwa macho.

Tukitaja kurukwa na akili, watu wengi hufikiri mtu anayepayuka. Katika hali ya kupanda, yaani zile wiki baipola inapomfanya mtu akeshe bila kuchoka, akili nyingi hubaki kazini. Siku uliyokwenda kununua cherehani nne nina hakika ulijua bei, uliomba upunguziwe, ulihesabu chenji. Kilichoondoka ni yule mdogo aliye ndani ya kila mmoja wetu anayeuliza, "Je, nikiwa nimekosea?" Ubongo ulio juu hivyo huzalisha uhakika kabla ya ushahidi. Kila wazo linafika likiwa limeshapigwa muhuri. Nani atanunua nguo za kiwanda, nani atakaa kwenye cherehani ya tatu, stima italipwa na nini: maswali hayo si kwamba uliyajibu vibaya, hayakuja. Ukishuka, mambo hugeuka lakini uhakika unabaki ule ule: unakuwa na hakika kwamba hufai, kwamba watoto wangekuwa afadhali bila wewe. Kote kuwili unachohisi kinafanana kabisa na kujua. Ndiyo maana siwezi kukuambia "sikiliza moyo wako" kama tiba. Moyo wenyewe ndio ulioguswa.

Kwa hiyo ukitaka kuacha dawa, wazo lenyewe halinitishi. Nitakuuliza unalala kwa saa ngapi kila usiku. Nitakuomba unieleze hofu ya mumeo kwa namna ambayo yeye mwenyewe akisikia atasema, "Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoogopa." Kisha nitakuomba ukae na wazo hilo wiki tatu nne, tuone kama linabaki pale pale au kama linapanda na kushuka na usingizi wako. Wazo linalovumilia kuulizwa ni lako. Wazo linalokasirikia kila swali, linalotaka litekelezwe usiku huu huu, hilo nalitilia shaka, na ningelitilia shaka hata kama lingetoka kwangu. Na tazama barua yako. Umetaja magauni mazuri na yaliyoharibika. Umetaja wodi mara mbili na hukuficha deni. Mtu ambaye ni ugonjwa unaosema badala yake hajipingi mwenyewe kwa uadilifu wa namna hiyo.

Mumeo anaposema "amerudi", anasema jambo lenye mizizi. John Mbiti, mwanafikra wetu aliyezaliwa Kitui, alilieleza kwa maneno ambayo Wakenya wengi wanayajua: niko kwa kuwa tuko. Mtu hujulikana na wenzake, hata pale anapojisahau. Yeye alikaa nje ya ile wodi, yeye anakumbuka ulivyokuwa mlipooana, ana haki ya kusema anachokiona. Ila nimemkumbuka pia Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Siaya, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikwenda vijijini kuwahoji wazee wenye hekima, akataka kuonyesha kwamba miongoni mwao walikuwapo waliofikiri kwa vichwa vyao, wakahoji hata yale ambayo kijiji kizima kiliyakubali. "Sisi" inakushika usianguke. Haina ruhusa ya kufikiri badala yako.

Hapo ndipo kuna jambo ninalotamani mlifanye pamoja. Baba yangu alikuwa mvuvi wa Usenge. Kabla ya mashua kushuka majini usiku, walikubaliana ufukweni: wingu likisimama upande ule, tunarudi, hata kama nyavu zimejaa. Walikubaliana wakiwa nchi kavu kwa sababu nyavu zikishajaa hakuna anayetaka kurudi, na kila mtu ana sababu nzuri ya kubaki. Wewe uko nchi kavu leo. Kaa na mumeo, na mtu wa tatu unayemwamini wewe, dada au rafiki, muandike karatasi. Dalili zangu za kwanza ni hizi: nikilala kwa muda usiofika saa nne, usiku mbili mfululizo, na sichoki, nikianza kununua vitambaa kwa mkopo. Zikionekana, fulani anipeleke kliniki hata nikikataa. Nambari ya siri ya simu yangu itashikwa na fulani mpaka daktari aseme. Watoto watalala kwa nani. Dawa ninayoikubali na ile ambayo sitaki tena kupewa. Na andika yale ambayo hayataruhusiwa kamwe: nisifungwe kamba, nisifungiwe chumbani, nisipelekwe kuombewa mahali nisipokujua. Nakala moja ipelekwe kwenye faili lako.

Karatasi hiyo ina hatari yake. Isigeuke leso ya kukufunga mdomo kila mnapogombana kuhusu ada ya shule. Ndiyo maana dalili zinaandikwa kwa vitu vinavyohesabika, kama saa za usingizi, wala si "akianza kuwa mkali". Una haki ya kuwa mkali.

Sasa deni, maana hapo umegusa kiini. Katika karne ya 17 Uingereza ilikuwa na mwanafalsafa aitwaye John Locke, aliyesomea pia udaktari. Yeye alisema kinachomfanya mtu wa leo awe yule wa jana si mwili, ni fahamu inayofika hadi kwenye matendo yale na kuyatambua kuwa yake. Akaongeza kwamba sheria haimwadhibu aliyetulia kwa aliyoyatenda akiwa na wazimu, na kwa kufanya hivyo inawahesabu kama watu wawili. Ukimfuata Locke hadi mwisho, unaweza kuwaambia wanachama, "Mkamtafute yule mwingine."

Mimi simfuati hadi huko. Lugha yetu inajua zaidi. Tunasema amerukwa na akili. Tazama nani ameruka katika sentensi hiyo: akili ndiyo iliyoondoka, mtu yupo, kaachwa pale pale, na akili inaweza kurudi ikamkuta. Lugha ya mama yangu ni kali zaidi. Kijaluo husema janeko, kama vile husema japuonj kwa mwalimu na jalupo kwa mvuvi, kana kwamba wazimu ni kazi anayoifanya mtu kutwa. Shikilia ile ya Kiswahili. Hakuna mwanamke wa pili aliyeingia Kisumu akakopa kwa jina lako. Ni wewe, ukiwa huna kitu ambacho mtu anahitaji ili alaumiwe.

Ninatenganisha kulaumiwa na kuwajibika. Mtoto wako akivunja kioo cha jirani, hukukivunja wewe, hukukusudia, hukujua. Lakini anayepiga hodi kwa jirani ni wewe, na hakuna anayekushangaa. Deni lile nenda nalo hivyo. Usiende umeinama kama mwizi, maana hukuiba. Waambie uliugua, ukitaka kusema zaidi sema, ukitaka kuishia hapo ishia hapo. Omba walipange upya kwa kiasi ambacho kibanda chako kinaweza kukitoa kwa mwezi. Uza cherehani mbili ikibidi. Na siku utakapokaa mbele ya wale akina mama ukasema "ni mimi niliyekopa", angalia anayesema ni nani. Ni mtu mwenye kipawa cha zile usiku, usingizi wa sasa, na aibu ya katikati, anayevichukua vyote na kuvijibu. Ukinibana nikutajie "wewe halisi", nitamtaja huyo. Simtafuti ndani ya tembe wala nje yake. Dawa naiuliza swali moja tu: je, inakupa nafasi zaidi ya kuwa yule anayejibu, au inakupunguzia? Dawa inayokutuliza mpaka huwezi kushika sindano wala kugombana na mumeo inakupunguzia, na dozi hiyo haifai, hata kama nyumba nzima imefurahi. Ugonjwa nao uliokupeleka wodini mara mbili ulikunyang'anya nafasi hiyo yote.

Lakini umekosa mishono, na sitaki niipite kama kitu kidogo. Rudi kwenye yale magauni. Umesema sita ni mazuri na mengine mikono imeshonewa kinyume. Nani alijua? Yule wa usiku aliyaona yote 14 kuwa ya ajabu. Aliyeyaweka mezani, akapapasa mshono, akatenga sita upande huu, ni wewe wa asubuhi, unayetumia dawa. Jicho hilo halijaondoka. Wiki zile zilikupa kasi na ujasiri, lakini jicho na mkono nadhani ulikuwa navyo kabla ya miaka hii mitatu, la sivyo hata hayo sita yasingesimama begani kwa mtu.

Daktari mmoja wa Denmark, Mogens Schou, aliyeifanyia lithiamu kazi maisha yake yote, aliwahi kuwauliza wasanii 24 waliokuwa wakiitumia. Matokeo aliyatangaza mwaka 1979. Wasanii 12 walisema kazi yao imeongezeka, sita hawakuona tofauti, na sita walisema imepungua. Watu 24 ni wachache, lakini ninawapenda kwa ukweli wao. Kwa wengine kitu kinapotea, na daktari anayekuambia hakuna kinachopotea hajawasikiliza wagonjwa wake. Ukipimwa, ukarekebishiwa dozi, mgongo ukatulia, tezi ikawa sawa, na bado ukazililia zile usiku, lia. Ni msiba halali. Ulikuwa na kitu kizuri ambacho bei yake ilikuwa kubwa mno.

Ukikaa na daktari wako, haya ndiyo mtakayokuwa mnayapima. Kubaki na lithiamu kwa kiwango cha chini kinachotosha ndilo chaguo ambalo mimi ningelijaribu kwanza, kwa sababu ni miongoni mwa dawa chache zenye ushahidi wa kupunguza hatari ya mtu kujiua, na kwa sababu hatujui bado unavyokuwa ukiitumia bila diklofenaki. Haina uraibu; hutaitamani kama pombe. Kubadilisha kunawezekana. Olanzapini na kwetiapini huzuia hali ya kupanda, ila huleta usingizi na uzito, wakati mwingine kilo nyingi. Valproeti ningeikwepa kwako, maana humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni na wewe bado una umri wa kuzaa. Lithiamu yenyewe inataka mimba ipangwe na daktari mapema, kwa hiyo kama mnafikiria mtoto wa tatu liseme hilo sasa.

Na kuacha kabisa? Ni haki yako kuliweka mezani. Ushauri wangu ni usifanye mwaka huu, kwa kuwa umelazwa mara mbili katika miaka mitatu na ugonjwa wenye mwendo huo hurudi mara nyingi. Ukiamua hata hivyo, isiwe ghafla. Lithiamu ikikatwa kwa siku moja, hali ya kupanda hupenda kurudi haraka, pengine kwa nguvu kuliko awali. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa muda usiopungua wiki nne, na miezi mitatu ni bora, daktari akikuona njiani. John Cade wa Australia, aliyetangaza mwaka 1949 kwamba chumvi hii inatuliza hali ya kupanda, alianza na mwanamume aliyekuwa ameugua kwa miaka mingi. Alipata nafuu kubwa hata akarudi nyumbani na kazini. Kisha akaacha dawa, ugonjwa ukamrudia. Akarudishiwa, na mwaka 1950 akafa kwa sumu ya lithiamu, maana siku hizo kupima kiwango cha damu hakukuwa desturi. Simtaji ili kukutisha. Alipatwa na hatari zote mbili, ya kuacha na ya kumeza bila kupimwa, na kipimo ambacho yeye hakukipata wewe unacho karibu.

Maombi yako usiyaache. Wala usikubali mtu akuambie uchague kati yake na dawa.

Ukianza kuona kufa ni nafuu, au sauti zikakuamuru jambo, au ukikesha usiku mbili ukiwa na nguvu tele, mwambie yule wa kwenye karatasi na muende hospitali ya rufaa usiku huo huo. Wengine hujificha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinapingana na Katiba. Sema tu.

Siku ya kliniki, beba pakiti ya zile tembe za mgongo ili wasome jina. Beba pia sindano, uzi, na moja ya yale magauni sita. Ukiulizwa dawa inakusumbua vipi, usianze kueleza. Toa sindano, jaribu kutunga uzi mbele yake, mwache aangalie mkono wako kwa dakika nzima. Kisha niandikie namba iliyotoka maabara.